Ushuru wa mzigo wa China: piga hesabu kabla hujatuma hela

Ukisikia kijiweni Makoroboi, Mwanza, kwamba ushuru ukipandishwa "Mchina atalipa", usiamini. Anayelipa forodhani ni mwagizaji, kisha anamsukumia mteja. Muuzaji wa Guangzhou atashusha bei pale tu anapohofia kukupoteza.

Anza na msimbo wa forodha wa bidhaa, yaani namba inayoonyesha kiwango chake cha ushuru. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una viwango vya asilimia 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35. Kisha jumlisha bei ya mzigo, bima na nauli ya meli.

Tuseme jumla imefika shilingi 10,000,000, kiwango asilimia 25: ushuru 2,500,000. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 hukatwa kwenye 12,500,000, yaani 2,250,000. Wengi hukosea hapa: wanaikata kwenye milioni kumi, wanapungukiwa 450,000 na mzigo unalala bandarini ukila gharama za kuhifadhi. Tozo ndogondogo na lori la Dar–Mwanza bado.

Ankara iliyoandikwa bei ya chini kuliko halisi haisaidii. Forodha hukadiria upya.

Bidhaa iliyotengenezwa Uganda, mwanachama mwenzetu wa Afrika Mashariki, haitozwi ushuru huo ikiwa na uthibitisho. Dai cheti cha uasili, yaani hati ya kuthibitisha ilikotengenezwa, kabla haijapakiwa. Bila hicho, inatozwa kama ya China.