Taarifa ya msiba au harusi kwenye simu: andika ujumbe unaojitegemea

Zamani habari ya msiba mjini Tanga ilipelekwa na mtu: mmoja anatumwa Makorora, mwingine Chumbageni, mwingine anapanda gari la Pangani. Aliyetumwa aliulizwa maswali papo hapo, akajibu. Siku hizi anayetumwa ni kundi la ukoo la WhatsApp, na kwenye makundi tumezoea kuandika vipande: "Jamani", kisha "mmesikia?", kisha "Bi mkubwa hatunaye". Vipande hivyo huchanganyika na pole za watu, halafu mmoja anasambaza kipande kimoja tu kwa jamaa wa Muheza. Jamaa anapata jina bila saa, au saa bila mahali.

Maliza kuandika yote ndipo utume, tena kwa ujumbe mmoja:

"TAARIFA YA MSIBA. Bi Fulani binti Fulani amefariki alfajiri ya leo, Jumanne tarehe 4 Machi. Msiba uko nyumbani kwake Ngamiani, barabara ya 12. Maziko ni leo Jumanne baada ya sala ya Alasiri. Maelezo zaidi: (jina na namba ya msemaji mmoja)."

Neno "leo" lisikae peke yake. Ujumbe uliosambazwa unaweza kusomwa kesho yake, na msomaji akadhani maziko bado. Siku na tarehe ndizo zinazomwokoa. Na Ngamiani barabara zinajulikana kwa namba, kwa hiyo "Ngamiani" tupu haimfikishi mgeni popote, na 12 ikiandikwa 2 ataishia mtaa mwingine. Soma namba zote mara ya pili kabla ya kutuma.

Saa iandikwe Kiswahili na wakati wake: "saa 10 jioni", si "10:00". Simu zetu zinaonyesha 16:00, na kijana aliyezoea saa ya simu akiona "10:00" ataelewa saa 4 asubuhi.

Ufupisho wa vijana uache kwenye soga za vijana. "Cji leo" inamaanisha siji, lakini mzee asiyejua kwamba "c" ni "si" anaweza kubaki anakusubiri. "2tatoka 2 asbh" nayo inamlazimisha msomaji kukisia ni tarakimu ipi saa na ipi silabi. Kwa mkubwa anza na shikamoo iliyoandikwa kamili; "shkm" inasomeka kama umelazimishwa.

Ikiwa kibodi inageuza maneno yako kuwa ya Kiingereza, tatizo ni lugha iliyowekwa. Kwenye Gboard (kibodi ya Google), bonyeza kitufe cha koma bila kuachia, ingia kwenye alama ya gia, fungua sehemu ya lugha, ongeza Kiswahili.

Wenye vitochi, yaani simu ndogo za vitufe, uwatumie SMS. SMS moja hubeba herufi 160. Ukitia emoji hata moja, nafasi inashuka hadi 70, na ujumbe ule ule unakatwa vipande zaidi na kulipiwa zaidi. Ritifaa, ile alama ya ' kwenye "ng'ombe", ikiwa imepinda, kama baadhi ya simu zinavyoipinda zenyewe, inaweza kuleta hasara hiyo hiyo. Iliyonyooka haina shida.

Ujumbe wa sauti ni mzuri kwa pole na salamu, maana huruma inasikika. Mahali, saa na fedha viandikwe. Sauti huwezi kuitafuta kwa neno, na aliye ndani ya daladala hawezi kuisikiliza kwa raha.

Kwenye mchango wa harusi, weka namba ya kupokea pamoja na jina litakalotokea mtumaji anapothibitisha malipo. Jina likitofautiana, mchangiaji asitume. Apige kwanza kwa mwenye shughuli, kwa namba aliyokuwa nayo tangu awali, si ile iliyo kwenye tangazo. Ujumbe wa matapeli unaripotiwa kwa kuutuma 15040.

Umekosea? WhatsApp inaruhusu kuhariri ndani ya dakika 15, na kuufuta kwa wote kwa muda wa siku 2 na ushei. Lakini nakala iliyokwisha kusambazwa haibadiliki. Kwa hiyo tuma taarifa nzima upya, juu yake andika MAREKEBISHO na saa uliyotuma, kisha wapigie simu wale walio safarini.