Namna Beki Anavyoweza Kujiandaa kwa Ukocha: Kutoka Safari ya Abelardo Fernández

Beki wa kati anayekaribia kutundika daluga hapa Arusha au Moshi, awe anachezea timu ya Championship (ligi iliyo chini ya Ligi Kuu) au ya ligi ya mkoa, huambiwa mara nyingi kwamba ukocha utamjia wenyewe kwa kuwa mpira tayari anaujua. Ushauri huo umewapoteza wachezaji wazuri. Kabla ya kuufuata, aitazame njia ya Abelardo Fernández, beki wa Hispania aliyezaliwa Gijón mwaka 1970, ambaye aliacha kucheza mwaka 2003 na akakabidhiwa timu ya wakubwa ya Sporting Gijón mwaka 2014. Miaka 11 iliyo katikati ndiyo inayostahili kusomwa kwa makini.

Sifa za uwanjani hazikumpungukia. Alifunga bao la kusawazisha katika fainali ya Olimpiki ya 1992, ambayo Hispania iliishinda Poland 3-2, akaichezea timu ya taifa mechi 54, na kati ya 1994 na 2002 akiwa Barcelona alitwaa ubingwa wa ligi mara mbili pamoja na Kombe la Washindi barani Ulaya la 1997. Hata hivyo, mtu mwenye historia hiyo alikubali kufundisha timu ya pili ya Sporting na klabu ndogo za Asturias, jimbo lake la nyumbani, kama Candás na Tuilla, ambako kocha hana wasaidizi wengi wala jina lake halimzuii mshambuliaji wa upande wa pili.

Kwa hiyo anza mapema, ungali unacheza. Omba kusimamia vijana wa mtaani kwako, Ngarenaro, Pasua au Majengo, na uulize katika chama cha soka cha mkoa ni lini kozi za TFF (Shirikisho la Soka Tanzania) zitafanyika. Leseni za ukocha za CAF (Shirikisho la Soka Afrika) huanzia D, kisha C, B na A, na kila ngazi inahitaji muda wa kufundisha kabla ya kupanda nyingine. Anayechelewa ngazi ya kwanza hujikuta na miaka 40 akiwa bado msaidizi asiyeruhusiwa kusimamia mechi kubwa. Tenga ada ya kozi kutoka kwenye posho za mechi, hata zile za ndondo.

Hatua inayowashinda wengi ni kugeuza mazoea ya mwili kuwa maelekezo. Beki mzoefu hupanda na kushuka bila kufikiri, lakini kijana wa miaka 15 anahitaji kuambiwa sababu. Chukua nusu ya uwanja, weka mabeki wanne na kipa dhidi ya washambuliaji sita, kisha fundisha alama moja tu: mwenye mpira akiwa ameinua kichwa na hakuna anayembana, mstari wote unarudi nyuma hatua kadhaa, akibanwa au akipiga pasi ya kurudi nyuma, mstari unapanda kwa pamoja ili washambuliaji waachwe wakiwa wameotea. Simamisha mchezo kila beki mmoja anapobaki nyuma, mwache aone mwenyewe nafasi aliyoifungua, kisha rudia. Wakati wa masika, uwanja unapokuwa tope na mpira unakwama, punguza kupanda na ufanyie kazi mipira ya juu na ile inayodondoka baada ya kupigwa kichwa, kwa sababu magoli mengi ya mchangani hutoka huko. Zoezi hili nalipenda kuliko mengine yote, maana linamlazimisha kocha mwenyewe aelewe alichokuwa akikifanya alipokuwa mchezaji.

Utakapopewa timu, usianze kwa kudai usajili. Msimu wa 2014/15 Sporting ilikuwa imezuiwa kusajili kutokana na madeni, naye Abelardo akapanga kikosi kwa vijana wa klabu hiyo. Walipoteza mechi 2 tu kati ya 42, na siku ya mwisho wakaifunga Betis 3-0 ugenini, huku bao la klabu ya Lugo la dakika za mwisho dhidi ya Girona, wapinzani wao katika mbio za kupanda, likiwapandisha La Liga, ligi kuu ya Hispania. Klabu zetu nyingi hazina fedha za usajili, kwa hiyo kocha anayemjua kila kijana wa timu ya pili kwa jina na kwa mguu anaoutumia anakuwa mbele ya mwenzake.

Ukipokea timu iliyozama, kama klabu ya Alavés ambayo Abelardo aliichukua Desemba 2017 ikiwa na pointi 6 baada ya mechi 13, mechi ya kwanza ina uzito wa pekee. Kule Girona walitangulia kufungwa 2-0, wakashinda 3-2 kwa mabao matatu ya Ibai Gómez, na msimu ukaisha wakiwa nafasi ya 14. Wiki hiyo ya kwanza usibadilishe kila kitu. Rekebisha nafasi za mabeki, chagua nahodha anayesikilizwa, na ongea na kila mchezaji faraghani.

Jiandae pia kufukuzwa, kwani Abelardo mwenyewe aliondolewa klabu ya Espanyol mwaka 2020 na Alavés mwaka uliofuata. Kabla ya kusaini, hakikisha mkataba wako umeandikwa, unataja mshahara, tarehe ya malipo na fidia ya kuvunjwa kabla ya wakati, na nakala yake ibaki mikononi mwako.