Kumchora tasi kwa vipimo: kuanzia dema hadi wino

Anayejifunza mchoro wa kisayansi aanze na samaki aitwaye tasi (Siganus sutor). Pwani ya Mtwara hakosekani, mwili wake ni bapa, na hesabu ya mapezi yake inajulikana, kwa hiyo ukikosea unajikamata mwenyewe.

Hatua ya 1: Samaki

Nunua asubuhi, dema (mitego ya samaki ya kusukwa) zinapoteremshwa, Mikindani au popote ulipo. Tasi wa nyavu mara nyingi mapezi yamechanika na magamba yametoka. Aliyelegea kama kitambaa huenda amevuliwa kwa baruti, uti wa mgongo umevunjika. Mwache hata akiuzwa bei ya bure.

Mpige picha palepale, na karatasi nyeupe pembeni yake ili baadaye urekebishe rangi. Tasi akishtuka hutoka mabaka, na akifa rangi hufifia. Ukimchora kutoka kwenye barafu utachora rangi ya barafu.

Hatua ya 2: Kutandaza mapezi

Mlaze kichwa kikielekea kushoto kwako, ndio utaratibu wa michoro ya samaki, juu ya lile povu gumu jeupe linalokuja na katoni ya televisheni. Vuta mwiba wa kwanza wa pezi la mgongo kuelekea kichwani, uzuie kwa pini, kisha fuata mingine. Pini ikae kando ya mwiba, isitoboe ngozi ya pezi.

Pakaa fomalini (dawa kali ya kuhifadhia viumbe waliokufa) kwa brashi ndogo kwenye mapezi tu, subiri kama dakika 10, yatabaki yamesimama. Fanyia nje, upepo ukiwa mgongoni kwako, na glavu mkononi. Huyo samaki haliwi tena. Mfukie paka wasipofika.

Miiba ya tasi ina sumu hata akishakufa. Ikikuchoma, loweka mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia bila kuungua.

Hatua ya 3: Kuhesabu

Hapa ndipo siku inapoishia, na ndipo michoro mingi mizuri inapoharibika. Jicho hupenda mpangilio, likiona miiba mingi hujaza yenyewe. Usichore hata mstari mmoja kabla ya kuandika namba.

Mwiba ni mgumu, mzima, na ncha yake ni moja. Kijiti laini kina viungo vidogo kama mua na hugawanyika kuelekea ncha. Washa tochi ya simu nyuma ya pezi, utaona viungo hivyo. Gusa kila kimoja kwa sindano huku ukihesabu, mara tatu, mara moja ukianzia mkiani.

Tasi anatakiwa kuwa na miiba 13 na vijiti laini 10 mgongoni; pezi la chini karibu na mkia, miiba 7 na vijiti 9. Ukipata vijiti 11, tazama cha mwisho: mara nyingi kimegawanyika hadi kwenye shina, nacho huhesabiwa kimoja. Mbele ya pezi la mgongo kuna mwiba mdogo umelala ukielekea kichwani, karibu umezikwa kwenye ngozi. Huo haumo kwenye 13, lakini uchore.

Pezi la tumbo ndilo kitambulisho chake: mwiba, vijiti vitatu, halafu mwiba tena. Wengi huchora mwiba mmoja wa mbele kwa mazoea ya kuchora samaki aitwaye changu.

Hesabu hizi ni za jamii nzima ya tasi. Aina hutofautishwa kwa kimo cha mwili, umbo la mkia na rangi, ndiyo maana kuna hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Kupima

Tumia kalipa (kipimo chenye taya mbili zinazobana kitu), si rula. Pima toka ncha ya mdomo hadi shina la mkia, kimo, kipenyo cha jicho, na mwanzo wa kila pezi. Zidisha vipimo vyote kwa namba ileile, kulingana na ukubwa wa mchoro unaoutaka.

Hatua ya 5: Penseli na wino

Penseli 2H kwenye karatasi ya kunakilia, kisha kalamu ya wino usioyeyuka, ncha ya 0.1 kwa vivuli na ya 0.3 kwa ukingo. Vivuli ni vitone, mwanga utoke juu kushoto. Kusugua penseli kwa kidole kunapendeza ukutani, lakini ukichapishwa ni doa. Magamba ya tasi ni madogo mno. Chora eneo dogo tu kwa usahihi, kwingine acha vitone vifanye kazi. Weka karatasi safi chini ya kiganja, joto letu hili jasho halikosi.

Mwisho chora chini ya samaki mstari wa kipimo unaowakilisha milimita 20 za samaki halisi, nao uuzidishe kwa namba ileile. Usiandike "nusu ya ukubwa halisi": mchapishaji akipunguza picha, maneno hayo yanakuwa uongo, mstari unapungua pamoja na samaki.