Seli ya haidrojeni isiyo na PFAS hata kwenye maungio

Mwenzangu aliniita nikague seli yake ya mezani, inayopasua maji kwa umeme ili kutoa haidrojeni, akijivunia kwamba haina PFAS, zile "kemikali za milele" zenye florini. Nilipogeuza maungio ya bomba nikakuta tepu nyeupe. PTFE tupu, yaani Tefloni, nayo ni PFAS! Tukaifungua yote.

1. Chagua seli ya alkali. Seli za PEM (za utando unaopitisha protoni) kwa kawaida hutumia utando wa aina ya Nafion, ambao wenyewe ni PFAS.

2. Kiwambo kinachotenganisha gesi mbili kiwe cha polisulfoni na zirkonia. Kiloweke kabla ya kukifunga.

3. Elektrodi: wavu wa nikeli mtupu. Vichocheo vya unga vingi hushikizwa kwa PTFE, kwa hiyo mimi huviacha.

4. Kuziba. Hapa nilipoteza siku mbili. Gasketi ziwe za EPDM, mpira usio na florini, na usiamini macho: FKM, mpira wenye florini, nayo huweza kuwa nyeusi vilevile, ni PFAS, tena alkali kali huila. Soma karatasi ya bidhaa. Hesi za kuchongoka hudai tepu, basi nunua viungo vya hesi zilizonyooka vinavyozibwa kwa pete ya mpira. Gundi za hesi pia nyingine zina PTFE ndani. Pete ikigoma kuingia, ilowanishe kwa maji. Mara ya kwanza nilipaka grisi ya mafuta ya petroli. EPDM ikavimba, nikabaki nakaza boliti bila kujua kwa nini seli inavuja. Grisi nyeupe za valvu usiziguse, nyingi zina PTFE. Kaza boliti kwa mshazari, robo mzunguko kila moja, kisha rudia kesho yake maana mpira hulala. Jaza hewa ya shinikizo dogo, paka povu la sabuni, tafuta mapovu. Ukimaliza suuza.

5. Changanya hidroksidi ya potasiamu, asilimia 25 hadi 30 kwa uzito. Vaa miwani na glavu. Iingize kidogo kidogo kwenye maji, kamwe usimwage maji juu yake, inachemka. Koroga kwa kijiti cha polipropileni, kwani vile vyeupe vya sumaku huvishwa PTFE.

6. Washa, volti 1.8 hadi 2 kwa seli. Toa haidrojeni nje: huwaka ikiwa asilimia 4 hadi 75 ya hewa. Usishushe mkondo mno. Gesi hupenya kiwambo hata hivyo, na oksijeni inapotoka kidogo, haidrojeni iliyopenya huwa sehemu kubwa zaidi ndani yake.