Somo: vipele vya sehemu za siri vinavyokuja na hedhi. Someni kabla ya kuuliza

Kila wiki swali ni lile lile: "Dada, nikikaribia siku zangu natoka vipele huku chini, nitumie dawa gani?" Leo naandika mara moja kwa wote. Dawa haiwezi kutajwa kabla kipele hakijajulikana ni cha nini, na mara nyingi siku kinapotokea inaeleza mengi kuliko sura yake.

Hatua ya 1. Nawa mikono, chuchumaa juu ya kioo penye mwanga, angalia. Usiminye.

Hatua ya 2. Andika tarehe, miezi 3 mfululizo. Hapa ndipo wengi tunapoharibu, nami nimo. Siku ya kwanza ya hedhi ni ile damu inapotoka kiasi cha kuhitaji pedi, si siku ya matone. Ukianzia kwenye matone, kipele kilichotoka kabla ya damu kitasomeka kama cha pedi, na utabadilisha pedi bure. Kipele nacho kiandikie siku ulipokigusa mara ya kwanza, si siku kilipoanza kuuma. Andika kilipo: kinenani, kwenye mashavu ya uke, kwenye mkunjo wa paja, au karibu na mlango wa uke.

Onyo kubwa: andika na tarehe ya kunyoa. Wengi hunyoa hedhi inapokaribia ili wawe wasafi, na siku 2 hadi 4 baadaye unywele uliojikunja unaota kuelekea ndani ya ngozi. Kipele kinatoka sawia na damu, lawama inakwenda kwa hedhi, kumbe ni wembe. Bila tarehe hiyo daftari lako halina kazi.

Hatua ya 3. Soma ulichoandika.

Kipele kimoja au viwili, vigumu, penye mavuzi, siku chache kabla ya damu, kisha vinatulia: hapo homoni zina mkono. Estrojeni na projesteroni hushuka, na tundu la unywele huziba kwa mafuta na seli zilizokufa.

Vidogo vingi vinavyowasha, siku ya pili au ya tatu ya damu, vimefuata ukingo wa pedi: ni joto, jasho, msuguano au manukato ya pedi.

Ngozi inachonyota siku moja au mbili, kisha yanatoka malengelenge madogo yamekusanyika, yanapasuka na kuwa vidonda: fikiria hepesi, ugonjwa wa virusi unaoambukizwa kwa ngono. Hedhi inaweza kuiamsha.

Hatua ya 4. Kukanda, kwa kipele kigumu tu. Kitambaa safi cha pamba, maji ya uvuguvugu, dakika 10 hadi 15, mara 3 au 4 kwa siku. Jaribu maji kwanza kwenye kifundo cha mkono upande wa ndani. Yakikuchoma hapo, huku chini yatakubabua. Usitie Dettol, chumvi, ndimu wala dawa ya meno. Usikamue: usaha unasukumwa ndani zaidi, na kipele cha siku tano kinageuka jipu.

Hatua ya 5. Pedi isiyo na manukato, badilisha kila saa 4 hadi 6 hata haijajaa. Chupi ya pamba.

Hatua ya 6. Nenda kituo cha afya bila kungoja daftari ukiwa na homa, uvimbe unaotanuka na kupata moto, uvimbe upande mmoja wa mlango wa uke unaokuzuia kukaa, kidonda kisichouma (omba kipimo cha kaswende), au ukiwa mjamzito. Malengelenge yanapimwa vizuri yakiwa bado mabichi, ndani ya saa 48. Yakikauka kipimo kinaweza kukosa.

MASWALI

Mrembo wa Tabata: Sasa dawa ni ipi?

Hatua ya 2.

Mrembo wa Tabata: Mimi napaka ile krimu ya mchanganyiko ya famasi na vinapungua.

Nyingi zina betamethasoni, dawa ya steroidi. Inatuliza muwasho huku ikikondesha ngozi, na kama ni hepesi inaipa nafasi. Acha, kapimwe.

Baba Junior: Mke wangu ameambiwa ni hepesi. Maana yake ametoka nje?

Si lazima. Virusi hukaa kwenye neva miaka mingi, na aliyenavyo anaweza asijue. Huenda hata vilitoka kwako. Nendeni wote wawili. Akiwa na vidonda, msikutane hadi vipone kabisa, na ajue kwamba aciclovir, dawa ya hepesi, inafanya kazi vizuri ikianzwa mapema, ngozi inapoanza kuchonyota.

Nesi Mtarajiwa: Dada, vikirudi palepale kwenye mkunjo wa paja kila mwezi, na kwapani pia?

Swali zuri sana. Hapo fikiria haidradenitisi, ugonjwa sugu wa ngozi. Dalili zake: majipu ya ndani yanayouma, yanarudi mahali pale pale angalau mara 2 ndani ya miezi 6, yanaacha makovu, na wakati mwingine vitundu vyeusi viwili viwili. Kwa wanawake wengi huchachamaa kabla ya hedhi. Si uchafu na si zinaa, kwa hiyo usikubali mgonjwa asimangwe. Kuyapasua tu hakutoshi, yanarudi. Mpeleke kwa daktari wa ngozi na daftari lake, na kama anavuta sigara asaidiwe kuacha.

Binti wa Kisauni: Dadangu, huku kwetu twang'oa kwa halawa. Ni afadhali kuliko wembe?

Haikati ngozi, lakini unywele ukikatikia ndani, kipele ni kile kile. Ngoja ufike urefu wa punje ya mchele, na usifanye wiki ya kabla ya hedhi. Salama zaidi ni mkasi: punguza, acha nusu sentimita.

Mama Nuru: Na pedi za kitambaa?

Nzuri. Loweka kwenye maji baridi kwanza, maana ya moto yanagandisha damu. Fua kwa sabuni ya mche, suuza mpaka povu liishe kabisa, kwa sababu sabuni iliyobaki ndiyo inayowasha. Anika juani, si nyuma ya mlango wa bafu.

Mama Nuru: Mie nazifunika na khanga, watu wasione.

Khanga nyepesi sawa, mradi zikauke siku hiyo hiyo. Ikishika mvua, pitisha pasi pande zote mbili.