Dogo hataki kusoma? Anzia hapa (vitabu vya Kiswahili, miaka 9 mpaka 17)

Kila likizo ya Juni na Desemba ndugu zangu wananiuliza swali lile lile, eti nimnunulie mtoto kitabu gani, na mimi nikiuliza anapenda nini najibiwa "yuko darasa la sita". Sasa hilo si jibu jamani. Darasa linakwambia umri tu, halikwambii kama ni mtoto wa mambo ya kutisha, au wa kucheka, au ni yule anayekesha na muvi za kijasusi mpaka saa sita usiku ila ukimpa kitabu anasinzia ukurasa wa pili. Kwa hiyo usianze na duka, anza na muvi. Muulize ipi aliipenda mpaka akairudia, afu tafuta kitabu cha ukoo huo.

Kwa wa miaka 9 mpaka 12 hivi kete yangu ya kwanza ni Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Najua ushaguna, kitabu cha 1952, Kiswahili kizito. Ila usimpe akasome mwenyewe, msomee. Kuna siku umeme ulikatika niko barazani na wapwa zangu watatu, simu janja zote zimezima, nimebaki na kitochi tu, nikaanza kuwasomea pale mjumbe wa Mfalme Rai anapomchungulia Adili usiku. Mtawala wa Janibu huyo, mtu anasifiwa kila mahali kwa huruma yake, anaonekana anaingia mahali kwa siri na kuwachapa viboko manyani wawili. Nikafunga kitabu. "Anko, anawachapa kwa nini?" Kesho. "Anko jamani!" Nimesema kesho. Asubuhi kitabu sikioni, natafuta weee, kumbe kipo uvunguni mwa kitanda cha yule wa kati, miaka 11, ambaye shuleni wanalalamika kila siku kwamba hasomi. Siri ya wale manyani siwaambii hata nyie.

Mbinu yenyewe ndo hiyo tu: soma wewe kurasa tano sita za mwanzo kwa sauti, tena kwa mbwembwe, halafu katiza pabaya. Na ikishika, muwekee Alfu Lela Ulela karibu maana hivyo vitabu ni ndugu kabisa, au Hekaya za Abunuwasi kama yeye ni wa kucheka, zile ni fupi fupi, hata mtoto mvivu anamaliza moja kabla chai haijapoa.

Ugumu wa kitabu napima kwa vidole. Fungua katikati, mwanzoni hapafai kwa sababu waandishi wengi huwa wanajiremba pale, mwambie asome ukurasa mmoja na kila neno asilolijua akunje kidole. Viwili vitatu poa, mpe. Mkono ukijaa, hicho ni cha kusomewa au kingoje mwakani. Mimi mwenyewe nilimpa mtoto wa darasa la tano Kusadikika kisa ni kembamba, nikaona nchi inayoelea angani atafurahi, masikini alikunja mikono yote miwili na hakuniomba kitabu tena mwaka mzima. Wembamba wa kitabu unadanganya sana. Kile mpe wa fomu tuu kwenda juu, akishaanza kubishana na serikali kwenye taarifa ya habari, kwa sababu ndani ni kesi mahakamani mwanzo mwisho na utamu wake uko kwenye hoja.

Haya, watoto wa upelelezi. Hapa Kiswahili tuna utajiri. Anza na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, 1960, Zanzibar ya mashamba, maiti imekutwa kwenye mzimu, na mpelelezi wetu wala hana bastola, ana kiko chake na swahiba wake Najum, anakaa anawaza. Watoto waliozoea kasi ya muvi watakwambia anachelewa. Waambie waandike jina la muuaji kwenye karatasi kabla hawajafika nusu, wakikosea wanaosha vyombo. Kwangu hii inafanya kazi kuliko ahadi ya zawadi. Ni vitabu visafi pia, hata wa miaka 12 anasoma. Ila Willy Gamba wa Elvis Musiba (Kufa na Kupona ya 1974 na wenzake), na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, hao mpaka 15 au 16 bana, kasi ni ya hatari lakini kuna pombe, kuna wanawake, kuna damu. Vipitie mwenyewe kwanza. Na usivifiche, ukificha atavisoma akiwa na 12.

Wanaopenda maisha halisi, yaani wale wa "hii imetokea kweli?", wape Watoto wa Maman'tilie ya Emmanuel Mbogo. Mama anauza chakula, baba mlevi, watoto wanarudishwa nyumbani shuleni kwa kukosa ada na sare, wanaishia jalalani. Inauma. Wengi wanakijua kama kitabu cha mtihani wa fomu foo na ndo tatizo lenyewe, mtoto anakisoma akitafuta dhamira na wahusika wakati angepaswa kulia kidogo. Kwa hiyo mpe kabla hajafika sekondari. Ken Walibora wa Kenya naye anafaa sana hapa, Ndoto ya Amerika kwa wadogo, na Siku Njema kuanzia miaka 14, kijana wa Tanga anafiwa na mama yake halafu anavuka mpaka kwenda kumtafuta baba ambaye hamjui. Kiswahili cha mle ndani kitamu mpaka mpwa wangu wa kike alianza kuniandikia meseji kwa misemo.

Kuna wale wasiotaka riwaya kabisa. Usilazimishe, mpe tamthilia, kwa sababu maneno ni machache na kila mtu anachukua sauti yake. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein tuliisoma sebuleni watu wanne, vita vya Maji Maji, shemeji yangu akagombania kuwa Kinjeketile mwenyewe, mtu mzima na kitambi chake. Mtoto wa kike anayependa muziki mpe Wasifu wa Siti binti Saad, si tamthilia bali ni maisha ya yule mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, kaandika Shaaban Robert. Mashairi sitasema mengi, weka Wasakatonge ya Mohammed Seif Khatib mezani, anayependa ataokota.

Wa 16, 17 anaanza kujiona mtu mzima, basi mheshimu. Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, binti anaozwa mzee, anatoroka, anajikuta katikati ya mapenzi na siasa za kupinga Waingereza Zanzibar. Kuna filamu yake ya 2021, mwache aangalie kwanza, haina shida, akija kwenye kitabu atakuta mengi ambayo filamu haikubeba. Baada ya hapo Peponi ya Abdulrazak Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, na Shamba la Wanyama, yaani Animal Farm ya George Orwell kwa tafsiri ya Kawegere, hiyo ya 1967 na bado inachoma. Sayansi ya kubuni, maroboti na safari za angani, rafu yetu bado nyembamba, watoto wa huko kwa sasa nawapeleka kwenye tafsiri.

Kununua: maktaba ya mkoa kwanza, Dar ile kubwa ya Bibi Titi ina sehemu ya watoto. Za mkononi zinazotandazwa chini barabarani ni rahisi ila kabla hujalipa hesabu kurasa. Vitabu vinashonwa kwa mafungu, mara nyingi kurasa 16 16, fungu moja likirukwa husikii tofauti mkononi. Mimi niliuziwa kitabu cha upelelezi kizuri kabisa, jalada linang'aa, nimefika utamuni kutoka ukurasa wa 112 naruka 129, na muuaji kashatajwa humo katikati. Tulikaa wiki mbili tunabishana nyumbani mpaka tukaazima kingine.

Na akikiacha njiani, mwache. Usimuulize kimefundisha nini, usimwambie aandike muhtasari. Kiweke pale pale rafuni mgongo ukionekana, mpe kingine, likizo ijayo msomee tena kurasa tano na ukate pengine.