Kiwanja cha mawe Mwanza: jinsi ya kujenga bila kuyavunja yote

Watu wengi wakipata kiwanja cha mlimani Mwanza cha kwanza wanatafuta vijana wa kupasua mawe, moto unachochewa juu ya jiwe likipata joto linapigwa nyundo, wiki mbili kiwanja cheupe. Subiri kwanza. Mi nilipasua jiwe moja tu nyuma ya jiko kumbe ndo lilikuwa limeshikilia udongo wa juu, masika ilipoingia tope likafika hadi kwenye masufuria, na ukuta wa kuzuia udongo niliojenga baadae ulikula hela kuliko chumba kizima.

Kabla ya ramani nenda saiti asubuhi, nenda saa nane mchana, afu nenda mvua ikiwa inanyesha kabisa na mwamvuli wako, uone maji yanapita wapi. Weka alama. Nyumba ikae pembeni ya hizo njia.

Kwenye msingi usichimbe mlima uwe bapa. Msingi wa ngazi unatosha, yani sebule juu kidogo, vyumba chini, katikati ngazi tatu nne. Jiwe la kubebea nguzo chimba pembeni yake na sururu uhakikishe ni mwamba ulioshika chini, maana kuna mawe yamekaa tu juu ya udongo na kwa macho huwezi kujua, hapo mlipe injinia aje aangalie usibane hela. Na ukuta usigusane na jiwe, acha nafasi ya mtu kupita, jiwe linakunywa jua mchana kutwa afu usiku linakurudishia joto, mvua nayo ikinyesha unyevu unahamia ukutani.

Mwanza tuko karibu na ikweta kwa hiyo jua linalosumbua ni la jioni. Magharibi weka stoo na choo, madirisha makubwa yaangalie kaskazini na kusini, paa litokeze kama mita moja hivi. Baraza likiangalia ziwa mchana unapata upepo wa bure. Ila ukitaka kusogea ufukweni kabisa kumbuka sheria ya mazingira ya 2004 inakataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, usije ukajenga ukavunjiwa.

Paa la mita za mraba 100 kila milimita moja ya mvua ni kama lita 100, kwa hiyo mvua ya milimita 20 tu ni lita 2,000, usipoweka gata na tenki zote zinaangukia msingi wako.

Mawe yaliyovunjwa jengea kuta za chini, usipige plasta. Na miti ya kubaki ipake rangi mapema ila fundi mwambie na kwa mdomo, wangu aliona rangi nyekundu kwenye mwembe akajua ndo wa kukata.